John Browning, fundi wa bastola aliyefia Herstal: maisha yake na bei iliyolipwa na wengine

Tarehe 26 mwezi wa kumi na moja mwaka 1926, fundi mmoja Mmarekani mwenye umri wa miaka 71 alifariki ndani ya kiwanda cha silaha cha Herstal, pembeni ya mji wa Liège, katika Ubelgiji. Jina lake lilikuwa John Moses Browning. Asubuhi hiyo alikuwa ameingia kazini kama kawaida, akashughulika na bastola mpya aliyokuwa anaitengeneza. Alijisikia vibaya, akapelekwa katika ofisi ya mwanawe Val, na moyo wake ukasimama hapo.

Watu wengi wanalijua jina la Browning kama jina la bunduki. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo alivuka bahari ya Atlantiki mara 61 kwa sababu ya kiwanda kimoja cha Ubelgiji. Maisha yake yanaonyesha wazi jambo ambalo kila nchi inayonunua bastola ngambo imelazimika kulijua: bei ya silaha si bei ya chuma peke yake. Kuna haki ya mvumbuzi, kuna ushuru wa forodha, kuna meli, kuna vipuri, na kuna vita vinavyoweza kufunga njia siku moja. Tena kuna bei nyingine, inayolipwa na watu ambao hawakununua kitu.

Mtoto wa fundi wa Ogden

Browning alizaliwa mwaka 1855 katika Ogden, mji mdogo wa Utah, magharibi ya Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni. Kabla ya kufika Utah aliishi Nauvoo, katika jimbo la Illinois, ambako alitengeneza bunduki zenye kupiga risasi kadhaa bila kujazwa upya kila mara. Wamormoni walipofukuzwa huko na kuelekea magharibi, Jonathan aliwatengenezea wenzake silaha za safari. Alioa wake watatu, akazaa watoto 22.

John alikulia katika karakana ya baba yake. Vyuma vilivyovunjika, mitutu iliyotupwa na vipande vya mbao vilikuwa vitu vyake vya kuchezea. Akiwa bado mtoto alijitengenezea bunduki kwa mabaki aliyookota hapo. Hakusoma chuo cha uhandisi. Alijifunza kwa kutengeneza bunduki za wateja: kila iliyoharibika ilimwonyesha mahali ambapo fundi wa kwanza alikosea.

Mwaka 1879 ulikuwa mwaka mkubwa kwake. Alioa Rachel Teresa Child, baba yake akafariki, na yeye akapata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, kwa bunduki ya risasi moja. Yeye na ndugu zake wakafungua karakana yao katika Ogden. Matthew, mdogo wake, ndiye aliyeshika hesabu na biashara. John alishika vyuma. Mgawanyo huo wa kazi ulidumu hadi Matthew alipofariki mwaka 1923.

Dola 8,000 mara moja tu

Bunduki moja ya ndugu hao ilifika mikononi mwa watu wa Winchester, kampuni kubwa ya silaha iliyokuwa mashariki ya Marekani. Mwaka 1883, mkubwa wa kampuni hiyo, T. G. Bennett, alipanda treni hadi Ogden. Alikuta vijana katika karakana ndogo, wakitengeneza bunduki bora kuliko zile za kiwanda chake. Alinunua haki ya bunduki ile kwa dola 8,000.

Kwa vijana wa mji ule, hizo zilikuwa pesa nyingi sana. Kwa Winchester zilikuwa kidogo. Kuanzia siku hiyo, kwa karibu miaka 19, Browning aliuza uvumbuzi wake kwa kampuni hiyo, kila mmoja kwa bei ya mara moja. Bunduki za mwaka 1886, 1892 na 1894, ambazo ziliipa Winchester sifa duniani, zilitoka kichwani mwake. Nyingine nyingi zilinunuliwa, zikawekwa kabatini bila kutengenezwa, ili washindani wasizipate.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja. Fundi akilipwa mara moja, hata kiwanda kikiuza bunduki milioni, yeye haongezewi kitu. Browning alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hesabu hiyo aliielewa.

Wakati huo huo alianza kufuata wazo jingine. Mwaka 1889, katika mashindano ya kulenga shabaha, aliona majani yakiinama kila mara bunduki ilipolia. Hewa moto iliyotoka katika mtutu ilikuwa na nguvu, na nguvu hiyo ilipotea bure. Akajiuliza kama ingeweza kufanya kazi ya kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Kutoka hapo ikazaliwa bunduki ya rashasha iliyotengenezwa na kampuni ya Colt, ile ya mwaka 1895.

Kisha akaleta wazo la kujipakia katika silaha ndogo ya mkononi. Rivolva zilizotumiwa wakati huo zilikuwa na silinda inayozunguka yenye risasi sita. Bastola ya nusu otomatiki hufanya kazi kwa njia nyingine: risasi zinakaa katika kikasha ndani ya mpini, na nguvu ya mlipuko inasukuma nyuma kifuniko cha juu, kinatupa ganda tupu, halafu springi inakirudisha mbele pamoja na risasi mpya. Kila mvuto wa kidole ni risasi moja. Kifuniko hicho kinachoteleza juu ya mtutu ni kazi ya Browning, na karibu kila bastola inayotengenezwa leo duniani inacho.

Mkutano wa Hartford

Mwaka 1897, mtu mmoja aitwaye Hart Berg alifika katika mji wa Hartford, Marekani. Alikuwa mjumbe wa Fabrique Nationale ya Herstal, kiwanda kinachojulikana kwa herufi mbili, FN. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 za aina ya Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Kazi hiyo ilipokwisha, FN ilijikuta taabuni, kwa sababu ya mvutano na Wajerumani juu ya haki ya kuuza Mauser katika nchi nyingine. Mashine zilikuwapo, wafanyakazi walikuwapo, lakini kazi ilikosekana. Wakaanza kutengeneza baiskeli, na Berg alikwenda Marekani kuangalia namna baiskeli zinavyotengenezwa kule.

Hartford ndiko kampuni ya Colt ilikokuwa, na Browning alikuwa huko kwa kazi zake. Berg alionyeshwa bastola ndogo ya kalibre 7.65. Mwezi wa saba mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi. Safari hii Browning hakuuza moja kwa moja: alipata fungu kwa kila bastola itakayouzwa.

Dunia ikagawanywa mara mbili. Colt ilipata soko la Marekani, na FN ikapata Ulaya na nchi nyingine nyingi. Fundi mmoja akawa na viwanda viwili pande mbili za bahari, na bastola zake hazikulazimika kulipa ushuru wa kuingia Amerika wala gharama za meli. Kilichovuka bahari kilikuwa michoro ya karatasi na bastola chache za mfano.

Mwaka 1900 jeshi la Ubelgiji lilichukua bastola hiyo kwa maafisa wake. Ilikuwa nyepesi, bapa, yenye risasi saba, na iliingia mfukoni. FN ilitengeneza zaidi ya 700,000. Jina la fundi lilianza kutumiwa hata na watu wasiojua kuwa ni la mtu: katika Kifaransa, neno browning liliandikwa kwa herufi ndogo, likimaanisha bastola yoyote ya namna hiyo.

Bunduki 10,000 zavuka bahari

Mwaka 1902 Browning alikuwa na kazi nyingine mkononi: bunduki ya kuwindia ya kalibre 12, inayojipakia yenyewe. Aliipeleka Winchester, akadai fungu kwa kila moja itakayouzwa. Bennett alikataa. Kampuni yake haikuwa na desturi hiyo, na aliogopa kwamba bunduki ya namna hiyo ingeua soko la zile ilizokuwa nazo. Urafiki wa miaka 19 ukaishia katika ofisi hiyo.

Browning akaenda kwa kampuni ya Remington, mwezi wa kwanza mwaka 1902. Akiwa anangoja kuonana na mkubwa wake, Marcellus Hartley, akaambiwa kwamba mzee huyo amefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Basi akapanda meli, bunduki yake mkononi, akaenda Herstal kwa mara ya kwanza. FN walimpokea kwa furaha. Mkataba ulifungwa, na Browning akaagiza kwa FN bunduki 10,000 za kuuza Marekani kwa hesabu yake mwenyewe.

Hapo fundi aligeuka kuwa mwagizaji wa bidhaa kutoka ngambo. Bunduki iliyobuniwa Utah ilitengenezwa Ubelgiji, ikapakiwa melini, ikashushwa Marekani na kulipiwa ushuru kama mali ya kigeni. Zile 10,000 zilinunuliwa haraka. Lakini hesabu ilionyesha kwamba njia hiyo haiwezi kudumu, maana ushuru wa forodha wa Marekani ulipandisha bei ya silaha za nje. Kwa hiyo Browning aliwapa Remington ruhusa ya kutengeneza bunduki hiyo hiyo nyumbani, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1905, na baadaye ikajulikana kwa jina la Model 11. FN iliendelea kuwauzia watu wa nchi nyingine. Bunduki ilikuwa moja, lakini mpaka na forodha vilizaa majina mawili na bei mbili.

Bastola zashindanishwa

Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa linatafuta bastola mpya. Katika visiwa vya Ufilipino, askari wake walipigana na Wamoro, Waislamu wa kusini waliotetea ardhi yao. Maafisa walilalamika kwamba risasi ndogo za rivolva zao za kalibre 38 hazikuwasimamisha watu waliokuwa wanawajia mbio. Mwaka 1904, maafisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio ya risasi katika Chicago kwa kutumia ng'ombe na maiti za watu. Walishauri kwamba bastola mpya isiwe chini ya kalibre 45.

Jeshi lilikuwa tayari limeonja silaha ya nje. Mwaka 1901 lilinunua bastola 1,000 za Luger kutoka Ujerumani ili wapanda farasi wazijaribu. Luger ilikuwa nzuri machoni na ilipiga vizuri, lakini risasi yake ilionekana ndogo.

Mwaka 1907 majaribio makubwa yalianza. Watengenezaji kadhaa walileta bastola zao, na kati ya zote tatu ndizo zilizopewa uzito: Colt ya Browning, Savage ya Marekani, na Luger ya kalibre 45 iliyotoka Ujerumani. Kila moja ilikuwa na njia yake. Luger ilikuwa na goti la chuma lililojikunja kwenda juu kila risasi ilipotoka. Savage ilitegemea mtutu uliojizungusha kidogo. Colt ilikuwa na kifuniko kinachoteleza na mtutu unaoshuka kidogo ili kuachana nacho.

Jeshi lilitaka bastola 200 kutoka kwa kila mshindani, ili zijaribiwe na askari wenyewe. Hapo hesabu ya pesa ilianza kuchuja watu kabla ya risasi kulia. Kutengeneza vyombo vya kiwanda kwa bastola 200 tu kunagharimu sana, na kama jeshi likizikataa, pesa hizo zimepotea. Savage ilisita kwanza. Nafasi ikatolewa kwa Wajerumani, nao mwishowe wakajitoa. Savage ikarudi. Colt, yenye kiwanda kikubwa na soko la raia lililokwisha kuzinunua bastola za Browning kwa miaka kadhaa, ilikuwa na mgongo wa kubeba hasara.

Kwa miaka mitatu Browning alirekebisha kila kasoro iliyotajwa na askari. Mwezi wa tatu mwaka 1911 ikaja siku ya mwisho. Kila bastola ilipaswa kupiga risasi 6,000. Ikiwa moto kupita kiasi, ilichovywa majini na kazi ikaendelea. Browning alikuwapo, akitazama. Savage ilikwama mara 37. Colt haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 mwezi huo jeshi likaichukua, ikaitwa M1911.

Bastola hiyo, yenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja na risasi saba za kalibre 45, ilibaki silaha rasmi ya jeshi la Marekani hadi mwaka 1985. Siku hiyo ilipofika, hesabu ile ya kale ilirudi tena. Bastola mbili za Ulaya zilishinda majaribio: Beretta ya Italia na SIG Sauer. Bei ya SIG kwa bastola moja ilikuwa chini kidogo, lakini vikasha vya risasi na vipuri vilipoongezwa, Beretta ikawa nafuu zaidi. Tena mshindi alitakiwa kutengeneza bastola hizo ndani ya Marekani.

Kununua au kutengeneza nyumbani

Nchi nyingine zilijifunza somo hilo mapema zaidi, na kwa bastola za Browning. Sweden ilichukua bastola ya FN ya mwaka 1903 kwa jeshi lake, ikaagiza kutoka Herstal. Mwaka 1914 Wajerumani walipoteka Ubelgiji, mlango ukafungwa. Pesa ilikuwapo, muuzaji hakuwapo. Kiwanda cha Husqvarna kikaanza kuzitengeneza Sweden kwenyewe mwaka 1917.

Norway ilichagua bastola ya kalibre 45, ikaitengeneza kwa ruhusa katika kiwanda chake cha Kongsberg. Argentina ilianza kwa kununua bastola za Colt, kisha ikapata haki ya kuzitengeneza. China ilitumia njia isiyo na mkataba: karakana zake, kubwa na ndogo, zilinakili bastola ya mwaka 1900 bila kumlipa mtu.

Kwa Herstal, biashara ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1914 FN ilisherehekea bastola ya milioni moja ya Browning. Mfalme wa Ubelgiji alimpa fundi huyo nishani ya Leopold. Wafanyakazi wa FN walizoea kumwita kwa Kifaransa le Maître, yaani bwana fundi. Alikuwa mrefu, mwenye kipara na masharubu, mtu wa kuingia karakana mapema na kukaa na mafundi wenzake. Sherehe ilifanyika miezi michache tu kabla ya vita.

Sarajevo, Liège, Tabora

Bastola inayoingia mfukoni inaingia mfuko wowote. Tangu mwanzo, silaha za Herstal zilifika mikononi mwa watu ambao hawakuwa maafisa. Mwaka 1904, katika Helsinki, Eugen Schauman alimpiga risasi gavana wa Kirusi Nikolai Bobrikov kwa bastola ya mwaka 1900, akamwua, kisha akajiua mwenyewe. Mwaka 1909, katika kituo cha treni cha Harbin, Mkorea An Jung-geun alimwua kiongozi wa Japani Ito Hirobumi kwa bastola ya aina hiyo hiyo.

Tarehe 28 mwezi wa sita mwaka 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, pamoja na mke wake Sophie. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa bastola nne za FN za mfano wa mwaka 1910. Bastola yake iko leo katika jumba la makumbusho la jeshi la Vienna.

Bastola haikuleta vita peke yake. Ulaya ilikuwa imejaa silaha na mikataba iliyongoja cheche tu. Lakini njia ambayo cheche hiyo ilipitia inaumiza kuifuata. Wiki tano baadaye, Wajerumani waliingia Ubelgiji, na mji wa kwanza mkubwa walioushambulia ulikuwa Liège. Herstal iko pembeni yake. Kiwanda kilichotengeneza bastola ya Sarajevo kilitekwa na jeshi geni. Wakubwa wake walikataa kuwatengenezea Wajerumani silaha, na kazi ikasimama.

Vita hivyo havikuishia Ulaya. Vilifika kwenye maziwa makubwa. Jeshi la kikoloni la Congo, Force Publique, lilivuka mpaka wa mashariki kupigana na Wajerumani, likaingia Tabora mwezi wa tisa mwaka 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, watu wa vijiji waliobebeshwa vyakula na risasi, na wengi wao walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Hawakuwa wamesikia habari za Sarajevo. Hawakujua Herstal iko wapi. Lakini walilipa.

Dola 750,000

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, ilikosa bunduki za rashasha. Browning alikuwa na mbili tayari. Moja ilikuwa nzito, ya kupozwa kwa maji: katika majaribio ya mwaka huo ilipiga risasi 20,000, kisha 20,000 nyingine bila kuvunjika. Ya pili ilibebwa na askari mmoja, nayo ikajulikana kwa herufi BAR.

Serikali ilimtolea dola 750,000 kwa haki ya kutengeneza silaha hizo mbili pamoja na bastola ya M1911 wakati wa vita. Kama angedai fungu lake la kawaida kwa kila silaha, angepata zaidi ya milioni 12. Alikubali bila kubishana. Yule fundi aliyeachana na Winchester kwa sababu ya fungu, safari hii aliliacha mwenyewe, kwa sababu nchi yake ilikuwa vitani na watoto wa majirani wake walikuwa wanakwenda mbele. Mwanawe Val naye alipelekwa Ufaransa, akiwa afisa, kuonyesha namna ya kutumia BAR.

Safari ya mwisho

Baada ya vita Browning alirudi Herstal tena na tena. Jeshi la Ufaransa lilikuwa linataka bastola mpya yenye risasi nyingi, na FN walimwomba achore. Alichora, akaacha hati ya uvumbuzi ikiwa imeombwa na mifano ikiwa mezani. Mwisho wa mwaka 1926 alivuka bahari kwa mara ya 61, akiwa na Rachel. Hakurudi akiwa hai. Mwili wake ulisafirishwa hadi Ogden, akazikwa huko alikozaliwa. Aliacha hati 128 za uvumbuzi.

Kazi iliyobaki mezani ilimaliziwa na Mbelgiji, Dieudonné Saive, fundi wa FN aliyekuwa amefanya kazi naye. Ilichukua miaka tisa. Mwaka 1935 Ubelgiji ikaichukua bastola hiyo ya risasi 13 za milimita 9. Ikaitwa GP35, yaani Grande Puissance. Vita vya pili vilipofika na Wajerumani wakateka Herstal tena, waliendelea kuitengeneza kwa ajili yao wenyewe, na wakati huo huo kiwanda kimoja cha Canada kiliitengeneza kwa ajili ya majeshi yaliyopigana nao. Wanajeshi wa pande mbili walibeba bastola ya fundi mmoja.

Hadi Congo

Kwa njia ya Ubelgiji, bastola hiyo ilifika pia Congo. Ilivaliwa kiunoni na maafisa wa Kibelgiji, na baada ya uhuru ikabaki katika jeshi la nchi. Bunduki ya rashasha ya FN ambayo askari wengi wa Congo wanaijua kwa jina la MAG nayo ina damu ya Browning: mtambo wake wa kufunga risasi umetokana na ule wa BAR. Congo haikutengeneza hata moja. Kila moja ilinunuliwa nje, ikaingia kwa meli au ndege, pamoja na risasi zake na vipuri vyake.

Browning alitumia maisha yake akipunguza gharama ya kila kitu kilichohusu bastola: vipande vichache, uzito mdogo, kiwanda karibu na mnunuzi, ushuru mdogo, kukwama mara sifuri katika risasi 6,000. Katika kazi hiyo hakuna aliyemshinda. Bei moja tu haikuwa mezani kwake Herstal, wala katika mikataba yake ya Hartford na Liège. Hiyo iliandikwa kwa majina ya watu, kutoka Sarajevo hadi njia ya Tabora, na inaendelea kuandikwa popote ambapo bastola inafika kabla ya sheria.